Makaburi Kumi na Moja ya Bwana Dannatt

Funguo za kanisa la Aldersby ninazo mimi, Enid Leggate. Nafagia, nasugua vinara, nafukuza popo. Ndiyo maana Cyril Dannatt nilimwona kabla ya mtu mwingine yeyote hapa kijijini, siku aliyoshuka basi la Alhamisi, kofia mkononi, akauliza makaburi ya kina Dannatt yako wapi.

"Pale penye magugu," nikamwambia. "Wenyewe wamekwisha. Wa mwisho walihamia Kanada baada ya vita."

Yalikuwa makaburi kumi na moja. Akapita moja moja, akisoma jina lake mwenyewe kwenye mawe ya watu, kisha mtu mzima yule akaangua kilio mbele yangu, mimi ambaye hata jina hajaniuliza. Nikamwacha. Nikarudi ndani kusugua kinara kilichokwisha kung'aa.

Alikuwa amestaafu kiwanda cha soksi huko Leicester. Mtoto wa pekee wa baba aliyezaliwa peke yake, mke kafa, mtoto hawakujaliwa. Hana mbele wala nyuma. Alichobaki nacho ni karatasi ya marehemu baba yake: babu, Josiah Dannatt, alizaliwa mwaka 1841 mahali fulani katika jimbo letu hili la Lincolnshire. Mahali gani, haikusema. Maskini wee, alikwisha kuzunguka parokia thelathini na ushee. Katika daftari letu la ubatizo Josiah huyo akamkuta, mwaka uleule, wino bado mweusi. Kabla ya Krismasi alikuwa amepanga nyumba ya mwisho kwenye njia ya kisimani, na hapo akakaa miaka kumi na tisa.

Kila Jumamosi alipiga magoti makaburini na ndoo na brashi laini, akiosha kuvu kwenye mawe. Ukoo wenyewe aliuchora nyuma ya karatasi ya kubandika ukutani, maana karatasi nyingine haikumtosha. Kilabuni walimtania, "Cyril, shangazi zako hawajambo?" Naye hujibu, "Wametulia kuliko wa kwako." Tunacheka, kisha kila mmoja anakwenda kwenye meza yenye watu, naye anarudi kwa marehemu wake. Sisemi tulikuwa wabaya. Tulikuwa na kwetu tu. Krismasi kumi na tisa sikumwita mezani hata mara moja, na linaniuma mpaka leo.

Kiangazi cha ule mwaka wa ukame alinijia na fimbo.

"Bi Enid, macho yamenigomea. Nisomee daftari la maziko, mwaka 1841."

"La maziko? Si la ubatizo, ulilolisoma mpaka likachakaa?"

"Wee nisomee tu."

Nikalitoa kwenye sanduku la chuma, nikavaa miwani. Hannah Sowerby, miaka sabini na miwili. John Maltby, miaka thelathini, aliyekanyagwa na gari la farasi. Kisha jicho likatua pale. Machi: Josiah Dannatt, wiki saba.

Watafuta ukoo wote ndivyo walivyo, hukimbilia daftari la ubatizo kwa furaha, la maziko wakalisahau. Kama Josiah wetu alizikwa na wiki saba, basi hakukua, hakuoa, hakuwa babu wa mtu. Josiah wa ile karatasi alikuwa mwingine, katoka kwingine, Mungu ndiye ajuaye. Na mzee huyu ameosha mawe ya watu baki miaka yote hii! Nikasoma mstari uliofuata.

"Aprili. Susannah Kirk, miaka..."

"Umeruka mmoja."

"Sijaruka."

"Umeruka, Bi Enid. Wiki saba. Nalijua hilo tangu mwaka wangu wa pili hapa."

"Ebo!" Nikalifunga daftari kwa kishindo. "Miaka kumi na saba umekaa kimya, leo unanisomesha kama mtoto wa shule?"

"Nilitaka mtu mwingine mmoja alijue," akasema. "Limenielemea peke yangu." Akaizungusha fimbo mkononi. "Pana nafasi pale mwisho wa makaburi yao, karibu na ukuta. Nilitaka kuomba nizikwe hapo. Lakini mimi si wao. Wataniuliza kwa haki gani?"

Hasira zikanipanda, si juu yake. "Na hao wa Kanada wameleta hata ua moja? Hao wa damu? Nani kawapalilia hawa? Usinikere, Bwana Dannatt. Jumapili unakula kwangu, na usichelewe, nyama inakauka."

Alikuja mapema, akala viazi mara tatu. Alikuja Jumapili saba. Ya nane nikaweka sahani, nikangoja mpaka mchuzi ukaganda, kisha nikavaa koti nikaenda kwake. Nilimkuta kwenye kiti, lile likaratasi lake la ukoo limefunguliwa magotini.

Mchungaji akaniuliza azikwe wapi.

"Mwisho wa kina Dannatt, karibu na ukuta."

"Kwani ni wa ukoo?"

"Umewahi kumwona Dannatt mwingine hapa?" Akaandika hivyo daftarini. Mazikoni tulikuwa wanne, pamoja na mchimba kaburi.

Mwaka huu, mwezi wa tano, akaja mama mmoja kutoka Kanada, Dannatt halisi, na kamera shingoni na orodha ya baba yake. Akahesabu mawe, akarudia kuhesabu.

"Bibi, baba aliandika kumi na moja. Hapa naona kumi na mawili. Huyu Cyril ni nani?"

Nilikuwa na ndoo mkononi, na ile brashi laini.

"Wa kwenu," nikamwambia. "Ndiye aliyebaki nyumbani."