Kanga ya Mwenyekiti

Mpaka leo nikisikia wanawake wawili wanacheka nyuma yangu pale sokoni Garsen sigeuki, maana najua kinachochekwa ni mimi, na aibu yenyewe nilijitafutia kwa mikono yangu miwili, mmoja umeshika simu na mwingine umeshika kanga ya mtu. Msinihurumie. Hata mama yangu mzazi kule Kyela nilipomsimulia alikata simu, akacheka weee, ndipo akanipigia tena kunipa pole.

Mimi ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Kikundi kimoja cha akina mama wakulima wa huku Tana, Kenya, walikuwa wamenunua mashine, wakatafuta fundi, jina langu likapenya mpaka kwao, tukaelewana kwa simu: mwezi mmoja wa majaribio, nikiwafaa nabaki, nisipowafaa narudi Tanzania. Na kurudi nilikuwa sitaki hata kwa dawa, maana nilishaagwa kwa pilau, mchungaji kaniombea, na shemeji zangu (ambao tangu nioe dada yao wananiona si lolote si chochote) walishaanza kuniita mtu wa ng'ambo.

Sasa kabla sijavuka mpaka, rafiki yangu mmoja aliyewahi kukaa Mombasa (alikaa kwa shemeji yake siku chache tu, lakini ukimsikia utadhani kazaliwa Kisauni) akaninong'oneza: "Kule kuwa macho. Mgeni ni kitoweo. Ukifika mtoni watakutishia mamba, ili upande mtumbwi wao ulipie."

Basi nikaingia Garsen nimejaa shaka kama gunia. Mwenye nyumba akinikaribisha chai, nilingoja anywe yeye kwanza. Jirani akinisalimia "habari ya kazi," nilijiuliza usiku kucha huyu kazi yangu kaijuaje. Watu wananitabasamia, mimi natafuta kilicho nyuma ya meno.

Jumatatu nilitakiwa kuonana na kikundi kwa mara ya kwanza. Jumamosi nikasema, hapana, nchi ya watu hii, na mimi nitembee kama watalii wanavyotembea, niuone huo mto Tana na lile kanisa la zamani la wamisheni upande wa Golbanti, nipige video niwatumie shemeji zangu wakome. Nikachukua bodaboda. Kijana mwenyewe, Komora, alikuwa na mdomo mwepesi, hatujafika hata nusu ya njia akaniuliza, "Unaendea nani huko?"

(Kwa nini anataka kujua? Ili ajue kama nina mtu wa kunitafuta nikipotea, si ndiyo?)

"Naenda kwa mjomba," nikamjibu.

"Mjomba gani? Mimi watu wa huku wote najua."

"Mjomba tu. Wewe endesha."

Uongo wenyewe mdogo, tena wa kujilinda, lakini ndio uliozaa mengine yote, maana Komora badala ya kunipeleka kanisani alinishusha kwenye kijiji kimoja kandokando ya mto, akasema ngoja hapa nikuulizie mjomba wako, akaondoka mbio. Nikamwangalia anavyoishia kwenye migomba nikasema moyoni, haya, kaenda kuwaita wenzake.

Sikungoja. Niliona kinjia kinateremka mtoni, nikakishika. Pale mwanzo wa kinjia alikuwepo bwana mmoja wa makamo anaziba ufa wa mtumbwi wake. Mtumbwi! Nikajua ndiye huyu niliyeambiwa. Akainua kichwa, akasema jambo ambalo mimi, na kofia ya bodaboda ikiwa bado kichwani (nilikataa kuivua, nisije nikaibiwa), nililisikia hivi: "Bwana, njia hiyo usishike. Huko mamba."

Nikacheka kidogo. "Wako wengi?"

"Wengi. Saa hii ndio wanaoga."

Wanaoga! Wakenya bwana, mpaka mamba wao wanaoga kwa saa.

"Wakubwa kwa wadogo?"

"Wote. Hata wazee wako."

"Na wakiniona?"

"Watakumaliza, bwana! Ngoja wamalize, nitakuvukisha na mtumbwi."

Nikajua hapo ndipo alipokuwa anapataka. Nikaona nimwonyeshe kwamba mimi si wa kutishiwa. "Sikia mzee wangu," nikasema, "mimi hao siwaogopi, kwetu tumewazoea. Mwaka juzi tulimtega mmoja na kamba, tukamwua, tukamchuna ngozi tukauza."

Yule bwana nyundo ikamtoka mkononi. "Mulimchuna ngozi?"

"Mimi mwenyewe nilishika kisu."

"Amekosa nini?"

"Alikula mbuzi wa watu, wawili."

"Kwa sababu ya mbuzi!" Akasimama. "Na serikali ikasema nini?"

"Ilitupongeza," nikamwambia, nikashuka zangu.

Nikawasha video. Naongea peke yangu kama mwendawazimu: "Haya ndugu zangu wa Kyela, wananitishia eti huku kuna mamba, twendeni wote tukawaone." Mbele kidogo nikakuta kanga zimetandazwa juu ya vichaka, nzuri, za kila rangi, nikasema ahaa, kumbe mtego wenyewe huu hapa, wanamfukuza mgeni halafu wanamtegea na biashara. Nikaanua moja, ya manjano, nikazunguka kichaka nikiwa nimeinyanyua juu, nikauliza kwa sauti ya mteja asiyedanganyika: "Na hii bei gani?"

Jamani.

Mbele yangu kuna uzio wa miiba umezungushwa ndani ya maji, na ndani ya uzio kuna vichwa, kumi na kitu, vina povu la sabuni, vyote vimenigeukia. Halafu ukelele uliopigwa pale sijausikia msibani wala harusini. Kipande cha sabuni kikanipata kwenye kofia (ndipo nilipofurahi sikuivua), kikafuata kikopo, na mimi badala ya kuidondosha ile kanga nikakimbia nayo, inapepea nyuma yangu, ikimwacha mwenyewe kajizamisha majini mpaka shingoni hawezi kutoka.

Juu nikakutana na Komora anakuja na kijiji kizima, maana alikuwa ameshazunguka nyumba hadi nyumba akitafuta mwenye mpwa kutoka Tanzania na wote wamekataa. Na yule bwana wa mtumbwi mbele yao, ananinyooshea kidole: "Ndio huyu! Huyu anachuna mama ngozi!"

Nina kanga ya mwanamke, nina simu inarekodi, sina mjomba. Mnaweza kufikiria mtu anajiteteaje hapo? Nililia. Sisemi machozi yalinilengalenga, nasema nililia kwa sauti, nikawapa simu wenyewe, wakafungua video, wakakuta nini? Sura yangu. Mwanzo mpaka mwisho pua yangu na kofia, maana kamera ilikuwa imenigeukia mwenyewe na sikujua. Na sauti yangu ikasikika vizuri kabisa: "eti huku kuna mamba."

Yule bwana akaomba irudiwe. "Mamba?" akasema. "Mimi nilimwambia mama! Huko mama wanaoga!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kanga ikapelekwa kwa mwenyewe, na baada ya muda akapanda, mama mnene wa haki, maji yanamdondoka, kila mtu akampisha. Akaniangalia kofia mpaka viatu.

"Unaongea Kiswahili cha Tanzania," akasema. Sauti ile niliijua, niliisikia kwenye simu mara nyingi. "Usiniambie wewe ndiye fundi wetu."

Huyo ndiye Mama Buya, mwenyekiti wa kikundi, aliyeshika mkate wangu mkononi. Nikajiona ndani ya basi narudi Kyela, shemeji zangu wamejipanga stendi.

"Jumatatu utakuja," akasema. "Lakini mashine hutaigusa kabla hujatengeneza ule uzio wetu. Wenzangu walipoanza kukimbia wameuvunja, kwa sababu yako. Ukimaliza, tutakaa tuamue."

Jumatatu nikaingia majini mpaka magotini, nakata miiba, nachomeka, nyuma yangu akina mama wamekaa ukingoni wananisimamia. Na bado shaka haikuniisha! Waliponiambia uzio ule ni wa kuzuia mamba nilijua wananipiga kijembe, mamba ni mimi. Niko katikati ya kazi nikasikia wote wanapaza sauti kwa pamoja, na masikio yangu, yaliyokuwa yamejaa mama tangu Jumamosi, yakasikia mama. Nikasema safari hii hamnipati. Nikatupa panga, nikaziba macho kwa mikono miwili, nikageukia mto, nikasimama wima kama niko kanisani. "Sioni kitu!" nikapiga kelele. "Piteni tu, mama zangu, ogeni, mimi sioni kitu!"

Kilichonivuta kola sikukiona. Nilikuja kufumbua macho niko mchangani, chali, shati limechanika, Mama Buya kanilalia nusu anahema, ameloa mpaka kiunoni, na pale nilipokuwa nimesimama maji yanazunguka na mkia mweusi unajizamisha taratibu.

Hakuna aliyecheka. Mama Buya akanipiga kofi la bega, akanipiga la pili, halafu akasema, "Mtu akikwambia toka, kwani lazima umpime kwanza?"

Mashine naiendesha, huu mwaka wa pili. Mtoni bado naenda, na mtu yeyote akipaza sauti huko, awe namjua au simjui, natoka kwanza mbio, ndipo nauliza kasema mama au mamba.