Mlingoti Uliopinda

Mtaani walimwita Mama Sindano, ingawa sindano zilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi yake. Alikuwa fundi cherehani kwa maana ya kuzitengeneza, si kushona nazo, na kwa miaka ishirini na saba kila kitu chenye gia na skrubu ndogo kilimfikia hatimaye: mizani ya duka la dawa, kamera, saa za ukutani, siku moja hata kiti cha daktari wa meno. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi, lenye meza, taa ya shingo ndefu na makopo ya maziwa yaliyojaa skrubu.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja. Kitu alichokitengeneza kikirudi, hakukubali kwamba kuna sababu nyingine isipokuwa kosa lake. "Nimekiharibu mimi," husema, kisha anafungua kila kitu upya, hata kama mteja anakiri kwamba alikiangusha. Tabia hiyo ndiyo iliyowagharimu mwaka ule, yeye na kaka yake.

Kaka yake alimzidi miaka kumi na minne. Alikuwa mwalimu wa hesabu mpaka alipostaafu, na wazazi wao walipofariki ndiye aliyemlea na kumpeleka chuo cha ufundi, wakati watu wote walimwambia amtafutie mume. Uzeeni alijipatia darubini ya mitumba, akaisimamisha juu ya paa bapa la nyumba yake na kuifunika turubai kama mtoto mwenye homa.

Asubuhi moja alitokea dukani na boksi kwapani.

"Mdogo wangu, nina kazi yako. Usiniambie uko bize."

"Nikikuambia utaondoka?"

"Siondoki."

"Basi kaa."

Ndani ya boksi kulikuwa na mota ndogo, ndogo kuliko kiberiti cha jikoni, pamoja na rimoti ya waya yenye vitufe viwili na kioo cha kuonyesha namba. Alimweleza shida yake. Ubavuni mwa darubini kuna nobu. Ukiizungusha, kioo cha kutazamia kinasogea mbele au nyuma mpaka picha inakuwa safi. Lakini ukigusa nobu, darubini nzima inatikisika.

"Nikiigusa tu, mwezi unaruka kama panzi. Mota ikiizungusha, mimi sigusi kitu." "Halafu siku hizi ile sehemu ya picha safi siipati. Napita, narudi, napita tena. Mkono umezeeka."

Alisema hayo akiwa anaangalia makopo ya skrubu. Mama Sindano alikuwa ameshaigeuza mota mkononi, anahesabu meno ya gia.

Jumamosi alipanda kule juu ya paa na mkoba wake. Wifi yake aliwaletea chai, akaweka vikombe juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashuka. Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Aliing'oa nobu ya upande mmoja, akavalisha kiungo cha chuma kinachoshikanisha mhimili wa darubini na wa mota. Kibao cha kushikilia mota kilichokuja nayo hakikuoana na matundu, hivyo akakata kingine kutoka kwenye bati la printa mbovu, akakitoboa, akakipiga tupa mpaka kikakaa. Mota ikikaa upande hata kwa unene wa ukucha, mhimili unakaza. Alilegeza, akanyoosha, akakaza, akalegeza tena.

Kujaribu mchana ni rahisi, maana huhitaji nyota. Ng'ambo ya uwanja wa mpira kulikuwa na mlingoti wa simu. Akaielekeza darubini huko, akabonyeza kitufe. Mota ikanung'unika, namba zikakimbia, na mlingoti ukajitokeza polepole kutoka kwenye ukungu, umesimama kichwa chini kama darubini zinavyoonyesha, safi kiasi cha kuhesabu bolti zake. Akasimamisha namba kwenye 4,210, akaiandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika kwenye mguu wa darubini.

"Haya, Mwalimu. Njoo usahihishe."

Kaka yake aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Mzuri," akasema.

"Mzuri tu?"

"Umepinda kidogo. Hapo katikati una kama goti."

Mama Sindano akachungulia. Mlingoti ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa. Lakini kaka yake hakuwa mtu wa kusema ovyo, na yeye hakuwa mtu wa kumlaumu mteja. Moja kwa moja alijua: mota imekaa upande, inavuta kioo. Akaifungua yote.

Jumamosi ya pili alirudi na kiungo kipya. Alisafisha gia, akaondoa kulegea kidogo kulikokuwa kati ya jino na jino, akapaka grisi. Picha ikawa safi kuliko mwanzo. Kaka yake akainama, akabonyeza mbele, akabonyeza nyuma, mbele, nyuma. Namba zilifika elfu sita, zikashuka hadi elfu mbili. Hakusimama popote.

"Goti limekua," akasema kwa sauti ndogo.

Mama Sindano aliposhuka kuosha mikono, wifi yake alikuwa jikoni, amesimama tu, hafanyi lolote.

"Wifi, hiyo mashine yenu ina nini?"

"Nitaipata tu. Ni kitu kidogo."

"Juzi alimimina maji pembeni ya glasi, meza nzima ikaloa. Akasema glasi ndiyo mbaya." Akapunguza sauti. "Na gazeti halisomi tena. Analishika, anageuza kurasa, lakini halisomi. Nimemwangalia, macho hayatembei. Mimi naogopa."

Mama Sindano alisikia kila neno. Akamwambia wifi yake kwamba uzee una mambo, huku akilini anafikiria kubadilisha skrubu za kibao. Baadaye, kati ya yote, jibu hilo ndilo lililomkereketa zaidi.

Wiki hiyo hakulala vizuri. Dukani aliziacha cherehani za watu, akawa anaipima mota kwa rula ya chuma, na kila kipimo kilikuwa sawa. Kitu kilicho sawa ambacho hakifanyi kazi kilimtia hofu kuliko kilichovunjika.

Jumamosi ya tatu alifika na kila kitu kipya: kibao, kiungo, waya, hata skrubu. Alifunga bila kuongea. Mlingoti ulitokea palepale kwenye 4,210, kila bolti mahali pake. Kaka yake akainama, jicho la kulia kwenye kioo, kama alivyozoea maisha yake yote. Muda ukapita. Kwenye uwanja wa mpira mtu alipuliza filimbi.

"Sasa katikati hakuna kitu," akasema. "Kuna doa la kijivu. Juu nauona, chini nauona. Katikati haupo."

Mama Sindano aliangalia kibao, kiungo, waya. Hakukuwa na skrubu iliyobaki ya kulaumiwa.

"Kaka, tazama kwa jicho la kushoto."

"La nini? Mimi natazama kwa la kulia."

"Tazama tu. Nakuomba."

Akahamisha uso.

"Umenyooka," akasema.

Hakuinua kichwa. Dada yake alimshika bega, akamgeuza taratibu, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja chake chenye grisi. Akamwelekeza kwenye mlango wa ngazi, uliokuwa na fremu ya mbao aliyoipiga randa yeye mwenyewe Mwalimu.

"Fremu ikoje?"

Aliitazama. Kisha akajikaza kisabuni.

"Na huo mlango umeufungia mota?"

Akacheka peke yake. Halafu akakaa juu ya ndoo, akavipindua vikombe vilivyokuwa juu yake, chai ikamwagikia viatu, na hakuna aliyejali.

"Nilijua kabla sijaja dukani kwako," akasema. "Nilitumaini ni mkono."

Jumatatu walikuwa kwa daktari wa macho, mwanamke mwenye sauti ya upole iliyozidi kuwatisha. Alimtia matone, akampiga picha za ndani ya jicho, akawaonyesha kwenye kompyuta. Nyuma ya jicho, pale penye kuona kitu unachokilenga, vijishipa vilikuwa vimeota mahali pasipostahili, na vinavuja. Ndiyo maana mistari ilipinda.

"Dalili zilianza lini?"

Mwalimu alisema miezi miwili. Daktari akaandika.

"Mngekuja mapema kidogo, hata wiki tatu, tungeokoa zaidi," akasema. "Yale ya katikati kwenye jicho hili hayatarudi. Tutajitahidi kuzuia doa lisienee, na tutalichunga lile lingine. Dawa ni sindano, ndani ya jicho, kila mwezi."

"Miaka yote naitwa kaka wa Mama Sindano," Mwalimu akasema. "Sasa nimepata ya kwangu."

Daktari alitabasamu. Mama Sindano hakuweza. Wiki tatu. Alizijua wiki hizo siku kwa siku: ya kiungo, ya grisi, ya skrubu. Nje kwenye korido alianza kumwomba kaka yake radhi.

"Acha," kaka yake akamkatiza. "Mimi nilikuficha, wewe ukajificha kwenye kazi. Tusigombanie."

Wakati wa kuondoka, daktari alimwita Mama Sindano peke yake, akafunga mlango.

"Nyinyi ni wa baba mmoja, mama mmoja?"

"Ndiyo."

"Ugonjwa huu hupenda kutembea kwenye familia. Na wewe kazi yako ni ya macho." Akampa karatasi ya miraba midogo, kama ya daftari la hesabu, yenye nukta katikati. "Kila asubuhi, ziba jicho moja, tazama nukta. Kisha jingine. Mstari ukipinda, hata mmoja, njoo siku hiyohiyo. Usijitengeneze mwenyewe."

Karatasi hiyo imebandikwa ukutani dukani, nyuma ya mlango, mahali wateja hawaioni. Mwalimu anaendelea na sindano zake. Kwa jicho la kushoto bado anasoma vichwa vya habari, na mkewe humsomea yaliyobaki. Mwalimu hajamweleza Mama Sindano kama anaujua wasiwasi huo wa karatasi, na yeye hajamuuliza.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha taa ya mezani, Mama Sindano anafunga mlango, anasimama hatua moja kutoka ukutani, anaziba jicho la kushoto. Anahesabu mpaka ishirini. Anaziba la kulia. Mpaka sasa mistari imenyooka. Juzi alirudia mara tatu, kwa sababu kulikuwa na mmoja, upande wa chini, ambao hakuwa na hakika nao. Mteja akagonga mlango, naye akamwambia asubiri.