Mwanamize hufuta kuanzia mwisho

Saa moja na nusu asubuhi, mtaa wa Ghubra mjini Maskati. Mwanamize Harub amebana simu begani, vidole viko kwenye kibodi. Nje lori la maji linanguruma. Dereva wake, Bakhit, anagonga dirisha.

"Dada, nipe nyumba za kupelekea maji niondoke! Jua haliningoji."

"Subiri kidogo."

Ni Juni 2007, siku chache baada ya kimbunga Gonu kukatisha maji Maskati. Mwanamize anaendesha kompyuta ya kampuni ndogo ya malori ya maji. Huandika amri mstari kwa mstari. Nyumba zinazosubiri zimo kwenye orodha, kila moja na namba ya nafasi yake. Maji ya bomba yakirudi, nyumba hutolewa kwenye orodha.

Kwenye simu ni Bi Masouda wa Ansab, anayemuuguza mumewe.

"Mwanangu, lori jana limepita mlangoni kama halinijui. Nna ndoo moja tu, na mgonjwa hajaoshwa."

"Nnakutafuta, bibi. Usikate."

Anatafuta. Hayumo.

Bakhit amesikia. "Basi ndiyo maana! Jana nimepeleka maji Qurum, nikamkuta bwana bomba lake limesharudi, anamwagilia bustani. Alinicheka mpaka akakaa chini."

Mwanamize anarudia amri zake za jana. Jana alitakiwa kutoa nafasi ya nne na ya tisa, ile ya Qurum. Alianza na ya nne. Nyumba zote za nyuma zikasogea mbele, na Bi Masouda, aliyekuwa wa kumi, akaingia nafasi ya tisa. Amri ya pili ikamtoa yeye.

"Kompyuta imefanya nilivyoiambia," anasema taratibu. "Ni kama watu waliokaa mkekani msibani. Akinyanyuka mmoja, wote husogea. Ukitaka kutoa wawili, anza na wa nyuma."

Anairudisha orodha ya jana. Anatoa ya tisa, kisha ya nne. Anaisoma yote kwa sauti. Bi Masouda yumo.

"Ansab, Bakhit. Kabla ya wote."

Lori linaondoka. Mwanamize hakati simu. Amejifunza kazi hii mwenyewe, kwa kitabu cha kuazima, na mshahara wake wa rial mia mbili na ishirini unalisha watu watano. Sasa anataka kuandika amri itakayotoa nyumba kwa namba ya mita yake ya maji, ambayo haibadiliki nyumba ya jirani ikiondoka.

"Nikiiweza hiyo, hatotolewa mtu kwa nafasi aliyokaa," anajisemea.

Anaandika, simu bado iko begani. Mara kwenye simu honi inasikika, mlango, kisha maji yakimiminika ndani ya tangi tupu.

"Yamefika, mwanangu. Lakini huyu dereva wako anasema haondoki bila chai."

"Mpe, bibi," anasema Mwanamize, na ndipo anapoiweka simu chini.