Mizani ya Baba Ilipoingia Kwenye Filamu

Ipo asubuhi moja kule Mzenga ambayo mpaka leo haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa kijana, nasimamia duka la baba, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Sisi ni Wahindi wa Kisarawe. Babu yangu kazikwa huko huko, ila wapo wanaoniuliza nimeingia nchini lini. Siku hizi nawajibu nimekuja jana.

Basi, alikuja mtayarishaji wa filamu kutoka Sofu, kule Kibaha, bwana wa tabasamu. Mimi mtu akinichekea sana kabla hatujajuana huwa najishika mfukoni, na siku ile nilijishika. Akataka nicheze Mhindi mwenye duka anayewaibia wakulima kwenye mizani.

Nikamwuliza, “Kwani Mhindi hawezi kuwa daktari? Hawezi hata kuposa?”

“Kaka, watazamaji hawataelewa,” akanijibu, anacheka.

Ilinichoma. Lakini kamera nilikuwa naitamani mno, nikakubali. Mkataba niliusoma na kuurudia, nikitafuta nitakapoibiwa. Kumbe jicho nimelielekeza siko. Alipoomba tupigie picha dukani kwetu, tena kwa mizani yetu, sikushuku chochote. Nikampa, huku najiona muungwana.

Filamu ikaonyeshwa kwenye kibanda cha video pale kijijini. Nilionekana nyuma ya kaunta yetu, nabandika sumaku chini ya sahani ya mizani. Watu walicheka mpaka machozi, wakanipigia makofi. Nikatoka kifua mbele, staa mzima.

Kesho yake ndiyo hiyo asubuhi ninayoisema. Akaja Bi Mwanaidi, mama mmoja mkulima wa mihogo, mteja wetu tangu mimi nabebwa mgongoni. Nikamwamkia, akaitikia “Marahaba” kavu, wala hakuuliza hali ya baba. Akaagiza nusu kilo ya sukari. Kabla sijamimina, akanyoosha mkono juu ya kaunta, akapitisha kiganja chini ya sahani.

Nikashtuka. “Bi Mwanaidi! Lile si igizo tu jamani?”

“Najua ni igizo. Wewe si yule mwizi, nimekulea,” akasema, hata hakukasirika. “Lakini duka ni hili, na mizani ni hii hii. Mimi nitajuaje mlichokibandua na mlichokiacha?”

Nikampimia sukari yake. Baba alisikia yote kutoka chumbani, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Wateja wakapungua. Nikaitoa mizani nje, nikaiweka barazani, kila mtu ajipimie mwenyewe. Wengine wakarudi, wengine wakahamia duka la jirani moja kwa moja. Mimi nami nikawa mtu wa wasiwasi, wawili wakinong’ona njiani najua wananisema mimi. Baadaye nikahamia Kibaha, nikafungua kampuni yangu ya filamu. Humo nimeshakuwa daktari, na kuposa nimeposa, na watazamaji wameelewa vizuri tu. Ila kwenye kazi zangu, kifaa anachokitegemea mtu kwa riziki yake hakiingii mbele ya kamera.

Sasa nasikia wamekuita, mwanangu. Ucheze msusi anayeiba simu za wateja, na wapige picha saluni kwako. Wamekuchekea sana, sivyo? Kaigize, tena uigize kwelikweli, sikuzuii. Lakini wakodi saluni nyingine, au wajenge ya mbao. Uso wako watu watausamehe, maana wanakujua. Kiti chako hakina mdomo wa kujieleza.

Bi Mwanaidi alirudi kununua kwetu, akanipenda kama zamani, hata harusini kwangu alicheza. Lakini hakuwahi tena kupima sukari bila kupitisha kiganja chini ya sahani, mpaka Mungu alipomchukua.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akufungulie milango, na watu wako waendelee kukuachia mikoba yao bila kugeuka nyuma.