Jembe na Nyumba

Wamenichomekea kibao cha kampeni kwenye nyasi zangu hapa Landover, Marekani. Ni cha yule mama anayetaka kiti cha jimbo letu katika bunge la Maryland, kiti ambacho tangu nihamie hapa wanapokezana wale wale. Nyasi ni zangu, nyumba ni yangu, na magari ya kampuni ya usafi pale nje ni yangu, mimi niliyeishia darasa la saba. Nikakiinamia. Kinanuka wino mbichi.

Hivyo ndivyo kilivyonuka kidole cha mama, kilichochovywa wino wa kura, siku baba alipogombea ubunge kule kwetu. Chama kilikuwa kimoja na wagombea wawili, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa picha ya jembe, mwingine nyumba. Baba alipewa nyumba. Alizunguka vijiji vyote akiieleza. Kwetu hakueleza, aliona hakuna haja.

Mama alirudi kutoka kupiga kura, akabandika maharage.

"Umeweka alama yetu, mama watoto?" baba akauliza.

"Nimeweka kwenye jembe."

"Jembe? La mwenzangu?"

"Sasa baba watoto, nyumba si ninayo? Jembe langu limevunjika tangu masika."

Shangazi, aliyekuwa akiishi nasi, alicheka mpaka akashika ukuta.

Redio ilipotangaza kwamba jembe limeshinda, baba aliizima, akaenda dukani. Alirudi na jembe jipya, akaliegemeza mlangoni. Mama akasema ahsante. Tukala.