Sahihi Iliyotangulia Maneno

Juzi, kwenye ofisi moja hapa Tabora, nilimkuta tarishi amekalia kiti cha mkuu wake, anakunywa chai. Ukutani lilibandikwa tangazo jipya: "Kuanzia leo, vibali vitatolewa na ndugu tarishi." Chini yake, sahihi ya mkuu.

Mkuu huyo, kila akienda kukagua vijiji vya ujamaa Urambo, humwachia tarishi stensili tupu, zile karatasi za nta za kurudufishia matangazo, zenye sahihi tayari, azichape maneno mashineni.

Mara mkuu akaingia, akasoma, akatumbua macho.

"Nani kaandika hili?"

"Sahihi ni yako, Ndugu Mkuu," tarishi akajibu, kikombe mkononi. "Ukiikana, na matangazo mengine tuyabandue?"

Mkuu akautazama ukuta mzima, umejaa sahihi yake, akaangua kicheko, akaketi benchini nasi tuliokuwa tukisubiri vibali.

Najua, si halali. Lakini kibali changu cha kuuza asali, kilicholala miezi miwili, kiligongwa muhuri chai ikiwa bado moto.