Banda la Fahali wa Mama

Banda lile nililijenga mimi. Kwa miaka mingi nimesema ni fundi, na kweli fundi ndiye aliyegonga misumari. Lakini mchoro ulikuwa wangu, mabati nilinunua mimi, na wazo la kuyashusha chini na kuziba pande zote ili fahali asinyeshewe lilitoka kichwani mwangu, kichwa chenye shahada.

Fahali alikuwa wa mama, kule Gasorwe, mkoani Muyinga. Tuliporudi kutoka Tanzania baada ya amani, mama alimnunua akiwa ndama, kabla hata hajanunua kitanda. Majirani ambao hawakuwahi kuondoka walituita "wale waliorudi". Fahali alipokua, wakaanza kuleta ng'ombe wao wapandwe. Walipofika langoni walisema, "Amashyo!", yaani uwe na makundi ya ng'ombe, na mama akajibu, "Amashongore!", nawe uwe na makundi ya majike. Kwa salamu hiyo mama aliacha kuwa mtu aliyerudi. Akawa wa pale.

Banda lilikamilika mwanzoni mwa kiangazi. Nililipiga picha, nikarudi kwangu Yoba, mjini Gitega, nimejaa sifa. Kiangazi kilipokaribia kuisha, ng'ombe waliopandwa walikuwa wanarudi kwenye joto, yaani wanataka dume tena, mmoja baada ya mwingine, bila mimba. Jirani wa ng'ambo ya bonde alimleta wake mara tatu. Mara ya tatu nilikuwapo, nimekuja kumtembelea mama, na hakutoa salamu.

"Mama, dume yako iko mzee," alisema. "Iko anapanda bure tu."

Nami nilimuunga mkono. Nilisema fahali wa miaka kumi na moja amefika mwisho, nikachanganya Kifaransa kidogo ili iwe sayansi. Mchinjaji wa sokoni alishakuja kumpapasa nyonga.

"Ni umri, mama. Muuze."

"Na wewe una arobaini na tisa. Tukuuze?"

Akamwita daktari wa mifugo. Mtu huyo aliingia bandani, akatoka upesi akijifuta jasho.

"Nani kajenga hili?"

"Fundi," nilisema haraka. Mama alinitazama, kisha akayatazama mabati.

Daktari alieleza kwamba umri hupunguza mbegu, ndiyo, lakini polepole, si kwa kiangazi kimoja. Korodani hutaka kuwa baridi kidogo kuliko mwili, na joto la mabati lilikuwa limeziharibu mbegu zikiwa bado zinatengenezwa. Mpya huchukua kama miezi miwili. Mtoeni humo, alisema, kisha ngojeni.

Mama akamhamishia fahali chini ya paa la nyasi, akamwambia mchinjaji asubiri. Mimi sikuamini. Asubuhi iliyofuata nilichuchumaa nyuma ya fahali kumchunguza. Ukungu ulikuwa bado bondeni, na mfuko wa korodani ulikuwa umejikunja, umebana karibu na tumbo. Jua lilipopanda ukaanza kushuka, taratibu mno, makunyanzi yakifunguka moja moja, hadi ukaning'inia mrefu na laini. Wingu likapita, upepo wa baridi ukaja, mfuko ukapanda tena. Mbele, mnyama mzito kuliko familia yetu nzima alikuwa anacheua, hana habari. Nyuma, uzao wa ng'ombe wa mlima mzima ulikuwa unatafuta kivuli chake, ukishuka na kupanda bila mtu kuuamuru. Ukurasa unaoeleza jambo hilo niliusoma chuoni, nikaufaulu, nikaufundisha. Sikuwa nimewahi kuuona ukiwa hai. Nilikaa pale hadi miguu ikafa ganzi.

"Madamu profesa," jirani aliniita kutoka njiani, "umepoteza nini huko nyuma?"

Niliinuka nikichechemea. Na kuhusu banda, bado sikukiri kwamba mchoro ulikuwa wangu.

Mwaka mzima mchinjaji alipita na kuuliza. Kisha siku moja, nikiwa Yoba nasahihisha mitihani, simu ikalia.

"Amashyo!" mama alisema, hata kabla ya jina langu.

Nilisimama. "Amashongore!"

"Ng'ombe wa jirani amezaa. Jike, na uso ni wa baba yake mtupu. Jirani amenipigia salamu tangu ng'ambo ya bonde, watu wote wamesikia."

"Na mchinjaji?"

"Nimemwambia akatafute mzee mwingine."

Nikavuta pumzi. "Mama, lile banda..."

"Nimeliezua. Mabati nimeezekea jiko." Nilimsikia akicheka mbali na simu, kisha akarudi. "Msalimie fundi."